Mzeituni Ulioonja Moshi

Kwa mwanangu mpenzi Tabita,

Kamwene, mwanangu. Pokea salamu zangu mimi mama yako, kisha nikupe za wengine mmoja mmoja, asije mtu akalalamika kwamba amerukwa. Baba yako anakusalimu sana. Yeye ni mzima, ila goti lake ni lile lile. Bibi yako anakusalimu, anasema wewe ndiye uliyekuwa unamtoa miba miguuni, na sasa amebaki na Luka ambaye anachoma nyama na kuuacha mwiba. Luka anakusalimu, kitanda chako amekichukua. Neema anakusalimu, jino lake la mbele bado linacheza na hataki mtu aliguse. Shangazi yako Yusta wa ng'ambo ya kijito anakusalimu, pamoja na mbuzi wake, maana mbuzi wale nao ni watu wa nyumba hii, mboga zetu wanakula kuliko sisi. Wote hatujambo, kama ulivyotuacha.

Nacheka peke yangu nikiandika hivyo, kwa sababu bado hujatuacha. Jua halijazama. Umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako na sauti zenu zinafika mpaka hapa mlangoni nilipokaa kufuata mwanga. Sanduku lako jipya la bati nimelifanya meza, na penseli ni ya Neema. Lakini mimi barua nilifundishwa hivyo kwenye darasa la kipaimara, kwamba salamu huandikwa za kule itakakosomwa, si za hapa inapoandikiwa. Nataka uisome ukiwa umeshafika Dodoma, umeketi kwenye kitanda chako cha chuo cha wauguzi, umevaa ile nguo nyeupe. Kwa Kibena ningekueleza vizuri zaidi. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, basi vumilia.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uchemshe maji. Hayo nimekuambia tangu Jumapili mpaka baba yako akasema, "Mama Tabita, mwache mtoto apumue, maji yamechemka mpaka yamekauka." Kwa hiyo nimenyamaza. Ila sweta ipo chini kabisa ya sanduku, upande wa kushoto.

Nataka nikuambie habari za miti.

Unajua kwamba nimekuandalia mmoja wa kwenda nao. Nimekufungia mkuyu, ule mdogo uliouotesha mwenyewe ulipokuwa darasa la tatu, wenye shina nene kama kifundo cha mkono wa Neema. Mizizi yake nimeifunika kwa ule ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe ya kijito, nikaizungushia kipande cha gunia. Ulipouona asubuhi ulisema asante, mama. Lakini jicho lako lilikwenda kwenye mzeituni. Nililiona. Mama huona jicho linapokwenda, hata kama ameinama anafagia.

Nimechagua mkuyu kwa sababu nilizokupa. Mwerezi hauwezi kwenda Dodoma. Ule ni mti wa baridi, tena una kiburi. Ukikata tawi lake mpaka ukamaliza majani yote, tawi lile halichipui tena hata ulipigie magoti. Mivengi, ile mizambarau ya porini, nayo hapana. Mivengi imezaliwa kando ya maji, na siku moja tu ukichelewa zamu hospitalini utaikuta imekunja majani kama mtoto aliyenuna. Mkuyu hauna shida. Ukiukata mzizi unatoa mwingine, ukiukata tawi unalia maziwa yake kidogo, kesho umesahau. Ukiuacha juani unaishi, ukiusahau kivulini unaishi. Mkuyu husamehe kila kosa.

Hizo ndizo sababu nilizokupa, na zote ni za kweli. Iko nyingine sikukupa. Ili nikupe hiyo, lazima nianze mbali.

Ulipokuwa mgongoni mwangu, hujaota meno, nilikuwa kibarua wa kuchuma pareto kwenye shamba la Mzungu mmoja huku juu. Mke wake alikuwa na miti kwenye sahani. Si sahani za kulia, ni sahani za udongo, bapa, zenye matundu chini, na ndani yake miti mizima iliyo mirefu kama mkono tu. Watu walimwita Bibi Sahani. Alikuja nayo kwa meli na gari moshi na lori, na mingine ilikufa njiani; mzeituni peke yake ndio uliochimbwa huku kwetu, juu ya mawe. Wachumaji walikuwa wakipita pale uani wanasema, "Huyu Mzungu anainyima miti chakula kama mama wa kambo." Shangazi yako Yusta ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Aliuliza kwa sauti, "Na mume wake, naye anampandia kwenye sahani?" Maana bwana yule alikuwa mfupi kweli.

Mimi nilicheka kama wengine. Kisha siku moja Bibi alikuwa amemwaga mti mmoja, anauhamisha, mizizi iko wazi, na mvua ikaanza. Nilikimbia nikaufunika kwa kanga yangu, nikaushika pale chini ya shina panapokutana mti na mzizi, kama unavyoshika shingo ya mtoto mchanga. Bibi alinitazama mikono. Kesho yake nikatolewa kwenye pareto, nikapelekwa bustanini kwa Mzee Yeremia.

Mzee Yeremia humkumbuki, alifariki ukiwa mdogo. Alikuwa mtu wa upande wa Makambako, mrefu, wa maneno machache. Alijua mti kama mchungaji anavyojua ng'ombe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mti wa sahani haunyimwi chakula. Unapewa kidogo, mara nyingi, na mtu asiyesahau. Alinionyesha kutia kidole kwenye udongo mpaka ukucha ujifiche, ndipo uamue kama ni siku ya maji. Alinionyesha kuchanganya mchanga mkubwa wa mto na majani yaliyooza na vigae vilivyopondwa, maji yapite yasilale. Na alinipa kisu kile kidogo cha chuma cha Liganga, ambacho baba yake alifuliwa na wahunzi wa kule, cha kukatia mizizi. Unakijua. Ndicho ulichojikatia kidole gumba.

Sasa kabla yako, mwanangu, nilikuwa na mtoto. Unajua alikuwepo, jina lake lipo kwenye sala za bibi yako. Alichukuliwa na kifua mwezi wa saba, wakati wa sakitu, asubuhi ambayo majani yote yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Tangu hapo mimi nikawa mtu wa kuogopa baridi. Nilikufunga nguo mpaka watu wakauliza kama mgongoni nimebeba mtoto au mzigo wa blanketi.

Basi mwaka ule niliopelekwa bustanini, Bibi na bwana wake walisafiri karibu mwezi mzima, kipindi hicho hicho cha baridi. Walituachia miti, mimi na Mzee Yeremia. Wiki haijaisha, Mzee akapata habari kwamba ndugu yake amefariki kule Bulongwa. Akaniambia, "Nakwenda kuzika. Miti iache nje ilipo. Hata ikipigwa na sakitu, usiisogeze."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Usiku ule ule sakitu ikaanguka. Alfajiri nilikuta majani ya miti yamekakamaa, na ile chumvi iko juu yake. Mwanangu, sikuona miti. Niliona kitanda kidogo cha yule mtoto. Nikaibeba sahani moja moja, zote saba, mpaka nyumbani kwetu. Na mahali pa kuiweka sikufikiri mara mbili. Kitu unachotaka kiishi mpaka msimu ujao unakiweka wapi? Darini, juu ya jiko, penye mbegu za mahindi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Pana joto, pakavu, mdudu hasogei, moshi unalinda. Nikaipanga pale miti ya watu katikati ya mahindi ya mbegu, nikafurahi. Kila nikipika ugali nilitazama juu nikasema, ninyi hamtakufa.

Siku ya nne majani yalianza kuanguka kwenye sufuria.

Sikuelewa. Niliongeza kuni. Nilifikiri bado inaona baridi. Mpaka wiki ya tatu nilikuwa nimebaki na vijiti saba. Bibi yako, ambaye tulikuwa tunakaa naye nyumba ile ile, aliniambia, "Mkwe wangu, mbegu imelala, ndiyo maana inavumilia moshi. Hiyo miti iko macho." Nilimjibu vibaya. Sijawahi kumjibu vibaya tena, lakini siku ile nilimjibu.

Nikairudisha bustanini kwa siri, siku moja kabla ya Bibi kurudi. Mzee Yeremia naye akarudi kutoka matangani siku ile ile aliyorudi Bibi, na vumbi la Bulongwa bado limo miguuni. Bibi akashuka kwenye gari, akaitazama miti yake, akavua kofia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani nalinda hii?"

Mzee akasema alikwenda kuzika. Hakuwa ameomba ruhusa, maana wa kuombwa hakuwepo. Bwana akasema basi, umeacha kazi, baridi imeua miti yote, chukua vitu vyako.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, wewe mgongoni. Mdomo wangu ulikuwa na maneno. Haukufunguka.

Mzee Yeremia aliinama kwenye mzeituni, ambao ulikuwa umebakiza majani mawili. Akapitisha kidole juu ya jani moja. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama, akanitazama, akasema polepole kwa Kibena ili wale wasisikie, "Sakitu ya mwaka huu ina masizi."

Kisha akaokota fimbo yake, akaondoka. Angeweza kunitaja, na angebaki na kazi yake. Sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili yako uliyekuwa mgongoni.

Miti sita ilikufa kabisa. Ule wa saba, mzeituni, Bibi aliutupa nao nyuma ya banda, ukakaa pale kwenye takataka, sakitu ikaupiga mpaka mwisho wa baridi. Mimi nilipita njia ya mbali nisiuone. Mvua za kwanza zilipoanza nilitumwa pale kuchukua samadi. Nikauona. Kwenye shina lile jeusi, chini kabisa, palikuwa na vidoti vitatu vya kijani, vidogo kama vichwa vya pini.

Nilikaa chini kwenye samadi nikalia. Tena nililia kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Siku ya mapumziko niliuvingirisha kwenye kanga, nikapanda lori la mbao mpaka Makambako kumtafuta Mzee. Nilimkuta analima shamba la mtu, yeye na uzee wake. Nikapiga magoti kwenye tuta.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umeniletea nini?"

Nikafungua kanga. Akatazama vile vidoti muda mrefu.

"Nilijua," akasema. "Mzeituni haufi kwa jambo moja."

"Baba, ni mimi niliyeiweka darini."

"Hilo nalo nilijua. Wa kuambiwa si mimi, ni Bibi." Akarudi kwenye jembe lake. Kisha akasema bila kugeuka, "Na usiuzidishie maji kwa ajili ya furaha. Hivyo ndivyo mtu anavyouua mara ya pili."

Nilirudi, nikaenda kwa Bibi na mti mkononi, nikamwambia yote. Darini, mbegu, moshi, mtoto wangu aliyekufa, Mzee Yeremia. Kiswahili chake kilikuwa cha Kizungu na changu kilikuwa cha Kibena, lakini tulielewana. Aliuliza, "Kwa nini wewe sema leo?" Nikamwambia, kwa sababu mti umeanza kusema kabla yangu, Memsahibu, nami naona aibu kushindwa na mti.

Alinirudisha kwenye pareto msimu mzima. Hiyo ilikuwa haki yangu na sikulalamika. Na Mzee Yeremia alirudishwa bustanini kabla ya Krismasi. Nilimwona anapita kwenye lori, amesimama nyuma, na kofia mpya. Tabita, katika maisha yangu nimeshangilia mengi, lakini siku ile nilipiga kigelegele katikati ya pareto peke yangu mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Msimu ulipokwisha, Mzee mwenyewe akamwomba Bibi, "Nirudishie yule mwanamke. Sasa anajua."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Bibi alitaka kuagiza miti mingine kwao. Mzee akamwambia hapana, miti ya mbali inakuja kufa hapa, tutafute ya kwetu. Tukawa tunakwea miamba, wewe unatembea sasa, tunatafuta miti iliyokwisha kuwa mifupi yenyewe. Ile inayoota kwenye ufa wa jiwe, inayotafunwa na mbuzi kila mwaka, inayopigwa na upepo. Mti kama huo unaukuta una umri wa mtu mzima na urefu wa kuku. Tulichimba mivengi kandokando ya maji, na mizeituni mitano juu ya mawe. Mbegu za mwerezi Mzee aliziomba kwa watu wa misheni ya Uwemba, na wale Wakatoliki wakamwambia kwa utani kwamba mwerezi wao hautaota kwenye mikono ya Mlutheri. Uliota. Nilijifunza kwamba tawi ukilifunga waya ulipinde, lazima urudi kulitazama. Mti mmoja wa mivengi niliusahau na waya msimu mzima, waya ukaingia ndani ya gamba, na kovu lile lipo mpaka leo kama alama ya pete. Nilijifunza kwamba mti ukiukata mizizi leo, usiukate matawi leo tena kwa sababu tu umeshika kisu.

Na ulikuwepo siku tuliyopeleka miti bomani kwenye maonyesho ya mazao, ingawa ulilala. Kulikuwa na viazi vikubwa kama vichwa, kulikuwa na ngano, kulikuwa na jogoo mmoja mwenye majivuno. Na kwenye meza ya mwisho, miti yetu kumi na moja. Wakubwa wakajaa pale. Mzungu mmoja akauliza miti hii imetoka nchi gani. Bibi Sahani alimwonyesha Mzee Yeremia kwa mkono, kwamba huyu ndiye wa kuulizwa. Mzee akasema, "Imetoka pale juu ya jiwe, bwana. Mbuzi ndio walioanza kazi, sisi tumemalizia." Watu walicheka mpaka jogoo akawika. Utepe mwekundu ukafungwa kwenye mzeituni wangu, ule ule, wenye upande mmoja mweusi, mkavu, na upande mmoja uliojaa majani. Walisema ule mweusi ndio uzuri wake.

Bibi alipoondoka nchini aliniachia miti yote, na mingine nimeongeza mwenyewe, kama unavyojua, umekulia katikati yake. Ulipokuwa mdogo uliweka kidole kwenye ule upande mweusi ukaniuliza, "Mama, hapa mti uliumwa?" Nikakuambia, sakitu. Nilirudia uongo ule ule, kwa mtoto wa miaka mitano. Kwa hiyo sasa unajua sababu niliyokuficha. Sikutaka mzeituni uende nawe, kwa sababu mtu angeuliza juu ya lile kovu, nawe ungejibu sakitu, na mimi ningekuwa nimekupa uongo wa kusafiri nao.

Lakini bado sijafika.

Barua ya chuo haikuja mwaka huu kwa mara ya kwanza. Unajua hilo. Mwaka jana mchungaji alileta habari kwamba msichana mmoja wa hapa anatakiwa, na jina lako lilikuwa la kwanza. Baba yako alikwenda kumjibu, akasema hapana, mtoto bado anahitajika nyumbani. Wewe hukubisha. Uliendelea kuteka maji. Lakini uliacha kwaya, na ukaacha kumwita baba yako "baba yangu". Ulianza kumwita "baba" tu, kama mtu anayemwita jirani. Mwaka mzima umempa chakula chake bila kumtazama usoni. Na yeye amekipokea akasema asante.

Tabita, si yeye aliyekataa. Ni mimi.

Yeye alitaka uende. Usiku wa habari ile alicheza humu ndani na lile goti lake, mimi ndiye niliyesema Dodoma ni mbali, kifua chako ni chepesi, utakufa kwa watu. Nilisema ukienda nitaacha kula. Neno la nyumba hutoka kinywani mwa baba, ndiyo desturi yetu, basi aliubeba woga wangu akaupeleka kwa mchungaji kama wake. Na uliponuna nilimwambia nitakueleza mwenyewe. Kila siku alinitazama kuona kama ni leo. Hakuwahi kunisukuma. Nilikuwa na Mzee Yeremia mwingine ndani ya nyumba yangu, anakula ugali mezani kwangu, na sikumwona.

Aliyeniamsha ni bibi yako. Mwezi wa nane, wewe umekonda, umekaa jikoni unakoroga sufuria bila kuimba, bibi akanisogelea akasema kwa upole kabisa, "Mkwe wangu, umemweka mtoto darini."

Sikumjibu vibaya mara hii. Kesho yake nilivaa viatu vya kanisani nikaenda kwa miguu mpaka misheni kwa mganga mkuu wa hospitali, yeye anayechagua wasichana wa kwenda chuo, safari ya kutwa nzima kwenda na kurudi, mimi niliyeishia kusoma kitabu cha kwanza. Sikuzote ulidhani nilikwenda kumtazama mgonjwa. Nilisimama mbele ya meza yake. Aliuliza, "Mwaka jana nani alikataa?" Nikasema, "Mimi, bwana. Si mume wangu, wala si mtoto." Aliandika. Akauliza na sasa nani anakubali? Nikasema, "Andika wote." Akacheka. Akasema nafasi ipo mwezi wa kumi.

Nilirudi usiku nikitembea kama naruka. Na Jumapili iliyopita mchungaji alipotangaza kwamba binti wa kwanza wa bonde hili kwenda kusomea uuguzi ni Tabita wa hapa kwetu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka buibui wakashuka darini, uliniona nimeinamisha kichwa ukadhani nasali. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasema moyoni, tazama, na huyu naye amechipua.

Sasa ndiyo hivi. Nilianza barua hii uisome Dodoma. Nilidhani nitakuambia mabaya yangu ukiwa mbali, mahali ambapo sitaona uso wako. Nimefika hapa kwenye karatasi na naona kwamba hiyo ni kuirudisha miti bustanini kwa siri. Baba yako ndiye anayekusindikiza kesho. Lori la mbao litawashusha Makambako asubuhi, na basi la kwenda Iringa na Dodoma halipiti mpaka alasiri. Mtakaa pale, ninyi wawili, na mihogo yenu ya kuchemsha, na yeye hatakuwa na la kusema, unamjua. Utaisoma hapo. Nitaikunja na kuiweka juu kabisa ya sanduku, juu ya nguo zote, si chini kwenye sweta. Nitakuambia uifungue mkishuka kwenye lori.

Na sasa hivi nimeweka penseli chini, mkuyu nimeufungua. Nimeurudisha kwenye sahani yake, umekubali kama kawaida yake. Mkuyu husamehe kila kosa, kwa hiyo haukuambii ulipokosea. Nimekufungia mzeituni. Hautaogopa jua la Dodoma wala ukame wake, mizeituni yote hii tuliitoa juu ya mawe makavu. Mwezi mmoja wa mwanzo uweke panapopata kivuli baada ya saa sita, mpaka usahau safari. Usiulaze ndani ya nyumba kwa kuuonea huruma. Kisu cha Liganga kimo ndani ya soksi ya kijivu. Upande mweusi usiuchonge, usiupake kitu. Na atakayekuuliza kovu lile limetoka wapi, mwambie mama yangu aliuweka juu ya jiko kwa sababu aliupenda, na ukaishi.

Nawasikia mnaimba wimbo wa mwisho. Sauti yako iko juu ya zote, imerudi. Utakuwa nyumbani kabla sijamaliza kukunja karatasi, kwa hiyo nafupisha.

Nijibu upesi, mwanangu. Usingoje karatasi wala stempu, wala usingoje kufika. Baba yako atarudi na lori keshokutwa, na mimi nitakuwa nimesimama pale njia panda tangu asubuhi, najifanya nachuma mboga. Mpe jibu lako yeye, hapo hapo Makambako, kabla basi halijaja. Hata ukilitia neno moja tu, lile la zamani ulilokuwa ukimwitia, nitalisoma usoni mwake kabla hajashuka kwenye lori.

Mimi mama yako.